Polisi hatafutwi kwa jina, anatafutwa kwa namba

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule bwana aliyeandika Jumapili iliyopita kwamba wazungu hawana ukoo, eti mzungu ukimuuliza jina la babu wa babu yake anakutumbulia macho. Nilipoisoma ile barua nilicheka manake nimeolewa na mmoja wao, mwaka wa 11 huu tuko Reading hapa Uingereza, na mtoto wetu mkubwa alipopewa homuweki ya kuchora mti wa familia upande wangu nilimtajia majina saba kwenda juu bila kushika hata kalamu, upande wa baba yake tukafika kwa baba wa babu tukakwama, kimya, baba mtu anajikuna kichwa. Hapo huyo bwana kapatia. Lakini kuna sehemu kakosea na sehemu hiyo imenila Jumamosi zangu za miezi minane, ndio maana naandika.

Upande wa mume wangu walikuwa na vitu viwili tu, picha na hadithi. Picha ni ya mwanaume mwenye masharubu mazito, kavaa koti jeusi la vifungo na helmeti ya polisi wa London, mkono mmoja kaushika mgongo wa kiti kama vile kiti kitakimbia. Nyuma hakuna jina wala mwaka. Hadithi tulipewa na shangazi wa mume wangu, bibi wa miaka 84, anaisimulia kila Krismasi: huyo ni babu yake babu wa mume wangu, alikuwa polisi Whitechapel, mtaa wa mashariki ya London, mwaka 1888 na siku moja usiku alimkimbiza Jack the Ripper mwenyewe, yule muuaji wa wanawake, akamshika koti, likachanika, muuaji akapotelea kwenye ukungu. Jina lake shangazi kaomba nisilitoe gazetini, kwa hiyo tumwite Babu Polisi.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba yangu kastaafu yuko Tanga, mtaani mpaka leo wanamwita afande. Nikamtumia ile picha wasap nikamwambia baba huyu ndiye babu wa mkweo, tunamtafuta. Nilidhani atasema tu masha Allah. Akapiga simu usiku uleule. "Mwanangu, we unatafuta jina? Polisi hatafutwi kwa jina, polisi anatafutwa kwa namba. Kuza picha, angalia kola."

Nikakuza. Kumbe kwenye kola ipo, herufi R na tarakimu tatu. Watu wamekaa na hiyo picha ukutani zaidi ya miaka mia hakuna aliyewahi kuisoma. Na kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, kuna kitambaa cha mistari. Baba akauliza hicho nini, bendeji? Nikaja kujua baadaye, hicho polisi wa London walikivaa wakiwa kazini, wakitoka lindo wanakivua, manake zamani walitakiwa kubaki na yunifomu hata siku ya mapumziko na raia alikuwa hajui huyu yuko zamu au hayuko. Baba alifurahi na hilo mpaka kesho yake akanipigia tena kuniuliza.

Sasa nieleze nilivyokosea ili mwenzangu asirudie. Jeshi la polisi la London, lile la Metropolitan alilolianzisha Sir Robert Peel mwaka 1829, kila askari alikuwa na namba mbili. Ya kwanza ni ya waranti, anapewa siku anayoapishwa, anakufa nayo, hapewi mwingine. Ya pili ndiyo ile ya kola, hiyo ni ya divisheni, herufi ndiyo divisheni yenyewe, H ni Whitechapel, A ni Whitehall, R ni Greenwich, na ukihamishwa unaiacha anaivaa mwenzio. Mimi sikujua. Nikaenda hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, magharibi ya London, nikiwa na tarakimu zangu tatu kifua mbele, nikazitafuta kwenye orodha ya waranti nikampata mtu! Nikashangilia kimoyomoyo. Kumbe namba za waranti zinakwenda mfululizo tangu 1829, mwenye namba ya mamia ni wale wa wiki za mwanzo kabisa, enzi za kofia ndefu nyeusi kama ya bwana harusi, helmeti ilikuja miaka ya 1860. Nimemshangilia babu wa watu. Baba alipocheka kwenye simu nilisikia mpaka mama akicheka nyuma.

Na tukiwa hapohapo kwenye namba, aliyepewa waranti namba 1 anaitwa William Atkinson, alifukuzwa siku hiyohiyo ya kwanza kwa ulevi. Namba 2 naye habari yake ni hiyohiyo, pombe. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Basi baba akaniambia rudi kwenye R, R si unajua ni wapi, tafuta waliokaa hapo. Nikaingia kwenye sensa. Waingereza wanahesabu watu kila baada ya miaka 10, na kuanzia 1841 karatasi zinamtaja kila mtu kwa jina na kazi yake, na kuanzia 1851 zinaeleza na uhusiano wake na mkuu wa kaya na alikozaliwa hasa. Maktaba nyingi za mtaa hapa zinakuruhusu kuingia kwenye tovuti za ukoo bila kulipa, msije mkatoa kadi ya benki haraka haraka. Ukoo wa mume wangu ni jina la kawaida, wapo wengi kama akina Juma, lakini ukichuja konstebo wa polisi, Greenwich na jirani yake Deptford, 1881, wanabaki wachache, na mmoja mke wake ana jina ambalo mpaka leo wanawapa wajukuu wa kike kwenye ukoo ule. Kuzaliwa: Suffolk, mashariki huko, shamba. Watoto wawili, wote wa Deptford. Nikasema huyu.

Nikamfuata sensa ya 1891. Deptford hayupo. London yote hayupo. Nikatafuta wiki tatu nikidhani kafa, kumbe mzima wa afya, yuko Pembroke Dock, Wales, ncha ya magharibi kabisa, na kazi yake imeandikwa vilevile, konstebo wa polisi wa Metropolitan. Watoto wamekuwa wanne, wawili wa Deptford na wawili wamezaliwa hukohuko Wales. Nikasema karani kakosea, polisi wa London anafanya nini Wales? Ni sawa na kumkuta askari kanzu wa Dar kapangiwa lindo Sumbawanga na bado anahesabiwa wa Dar.

Karani hakukosea. Kuanzia mwaka 1860 serikali iliwapa Metropolitan kazi ya kulinda yadi za meli za jeshi la majini, Portsmouth, Chatham, Devonport, Woolwich na hiyo Pembroke. Askari wa London walikuwa wanapewa uhamisho kwenda huko na familia zao. Kwa hiyo wewe mwenye babu polisi wa London ukiona watoto wake wengine wamezaliwa Chatham au Portsmouth usimfute, huenda ndiye hasa. Mimi nilishamfuta mara moja.

Mtoto wa tatu sasa, wa kwanza kuzaliwa Wales, ndiye baba wa babu wa mume wangu, yule tuliyekwama kwake kwenye homuweki. Tulikwama kwa sababu wote tulikuwa tunaamini kazaliwa London. Tukaagiza cheti chake cha kuzaliwa, hapa vyeti vya serikali vipo kuanzia Julai 1837 na mtu yeyote anaweza kuagiza. Kikaja kwa posta. Kazaliwa Oktoba 1888, Pembroke Dock. Kwenye vyeti vya Waingereza kuna safu ya mtu aliyekwenda kutoa taarifa ofisini, na hapo jina ni la Babu Polisi mwenyewe, baba wa mtoto, tarehe ni wiki ya kwanza ya Novemba 1888.

Sasa wale wanaojua habari za Jack the Ripper wanajua mauaji matano yanayohesabiwa kuwa yake ni kuanzia 31 Agosti mpaka 9 Novemba 1888. Babu yetu miezi hiyo analinda geti la yadi ya meli zaidi ya kilomita 300 kutoka Whitechapel, tena kichanga ndani.

Kumwambia shangazi ilikuwa kazi. Tulikwenda na keki. Nilimwekea cheti mezani, kavaa miwani, kakisoma taratibu mpaka chini, kakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine. Akasema labda aliomba likizo. Mume wangu akasema shangazi, polisi mwenye likizo anakwenda Whitechapel usiku kufanya nini? Hapo wote tukanyamaza manake jibu lake sio zuri. Mwishowe akasema basi wasingemhamisha angemkamata. Hilo nimemwachia.

Baada ya hapo ndipo nilipopata utamu wa hii kazi, manake mtu wa hadithi alikuwa mmoja tu, wa kuchana koti, lakini mtu wa makaratasi ana mambo mengi. Kule Kew faili za Metropolitan zina herufi MEPO. Tiketi ya msomaji ni bure, unakwenda na kitambulisho chako na kitu cha kuonyesha unakoishi, kalamu ya wino hairuhusiwi ndani ni penseli tu, simu unaruhusiwa kupigia picha. MEPO 21 ni ya pensheni, inaanzia 1852, na kama wako alistaafu na pensheni anza hapo hapo usizunguke kama mimi. Walikuwa wanaandika kila kitu ili pensheni isichukuliwe na mtu mwingine: alikozaliwa, majina ya wazazi, ndoa, urefu, rangi ya nywele na macho. Babu Polisi alikuwa na macho ya kijivu. Mume wangu akaenda chooni akakaa muda, mimi nikajifanya sijui, marehemu baba yake alikuwa na macho hayohayo.

MEPO 4 ndiyo ya kuingia na kutoka kazini. Humo kuna vitabu vya kiapo kuanzia 1869, na askari anatia sahihi yake mwenyewe mbele ya namba ya waranti, ndipo tukaipata ile namba ya kweli, wakati anaingia yeye mwaka 1875 zilishafika makumi elfu. Sahihi yenyewe Mhariri ungeiona. Herufi ya kwanza kubwa na imekandamizwa mpaka wino umevimba, halafu zinazofuata zinapanda mlima, inaonekana mkono umezoea jembe. Polisi wa London walipenda kuajiri vijana wa mashamba, wana nguvu na hawajuani na wezi wa mjini.

Halafu MEPO 7, amri za kila siku za jeshi, zile za kusomwa kwenye paredi. Hapo wanaingia waliopanda vyeo, waliohamishwa, waliopewa zawadi, na walioadhibiwa. Mimi mtoto wa polisi nilijua tu kuna siku nitamkuta. Nikamkuta, 1883, kakatwa mshahara, kakutwa ndani ya baa akiwa zamu. Shangazi tulimficha wiki mbili. Tulipomwambia nikamtanguliza William Atkinson wa namba 1 kama dawa, nikamwambia huyu wenu angalau alifika mwaka wa nane kazini ndio akakutwa. Alicheka sana, akasema sasa ndio namwamini.

Na jambo la 1883 lina uzito wake. Wakati ule pensheni ilikuwa hisani tu, mkubwa akikataa umekula hasara, mpaka sheria ya 1890 ndiyo ilimpa polisi haki ya pensheni akifikisha miaka 25. Kura ya bunge polisi hawakuruhusiwa mpaka 1887. Kwa hiyo mtu anatembea lindo usiku kucha, mwendo uliopangwa wa kama kilomita nne kwa saa, taa ya mafuta kiunoni inaunguza tumbo, miaka ya mwanzo hata filimbi hana, anazungusha kidude cha mbao kinachopiga kelele kuita mwenzake, filimbi zilikuja katikati ya miaka ya 1880, na glasi moja ya bia inaweza kumfutia kila kitu. Yeye aliingia 1875 akatoka 1900. Hesabu mwenyewe. Miaka 25 kamili, hakuzidisha. Baba aliposikia akasema huyu askari, huyu alikuwa anahesabu siku.

Kuna kimoja nilikiacha mwisho kwa sababu ndicho nilichokipenda kuliko vyote na ni bure kabisa. Mashauri ya Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya London, kuanzia 1674 mpaka 1913 yamewekwa kwenye intaneti, unatafuta neno unalotaka. Usitafute jina peke yake, makarani walikuwa wanakosea majina, tafuta herufi na namba ya kola. Ni kama mahakamani kwetu tu, shahidi askari anatajwa na namba yake. Nikaandika R na zile tarakimu zangu tatu, zile zile nilizokosea nazo mwanzo. Zikatoka kesi kadhaa, nyingine za askari mwingine aliyeivaa namba hiyo kabla yake, lakini moja ya 1879 ni yeye. Wizi wa mabati ya madini ya risasi, yale ya kuezekea paa, usiku wa saa nane huko Deptford. Anaeleza alimuona mshtakiwa na mzigo begani, akamuuliza umebeba nini, akajibu nguo za kufua, yeye akaugusa mzigo kwa mkono. Basi. Ugusaji huo ndio ushahidi. Nguo za kufua ngumu kama ukuta! Wanasheria wakamuuliza maswali, akajibu kifupi kifupi. Mwandishi wa hati mkato aliyaandika maneno yake palepale, kwa hiyo hapo ni kama nilimsikia mtu mwenyewe akiongea, sio kusimuliwa. Tuliisoma kwa sauti sebuleni, mtoto wetu akawa mshtakiwa, kabeba mto wa kochi.

Kama wako hakuwa wa Metropolitan, jueni pia kwamba London ina polisi wawili, wale wa City, kile kieneo kidogo cha mabenki, ni jeshi lao peke yao tangu 1839 na makaratasi yao hayako Kew, yako kwenye hifadhi ya The London Archives, zamani ikiitwa London Metropolitan Archives. Na wa mikoani kila kaunti ilikuwa na polisi wake, kuanzia 1856 ikawa lazima kwa kaunti zote, hao unawatafuta kwenye hifadhi za kaunti husika na wengi makaratasi yao yalishapotea. Hakuna orodha moja ya polisi wote wa Uingereza, atakayekuuzia orodha hiyo kwenye intaneti mwizi.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika Jumapili, ni kweli mume wangu alikuwa hamjui babu wa babu yake. Sasa anajua urefu wake, macho yake, adhabu yake, na alichomjibu wakili mwaka 1879. Mimi na majina yangu saba ya kusimuliwa, niulize wa tano alikuwa mrefu au mfupi, sijui. Alikufa mwaka gani, sijui, "mwaka wa nzige" ndiyo tarehe niliyopewa.

Baba naye tangu jambo hili lianze kawa na maswali yake. Juzi kaniuliza, hivi mie wakija kunitafuta watanipata wapi? Nikamwambia nipe namba yako ya jeshi. Hakufikiri hata sekunde, kaitaja herufi na tarakimu zake zote kama mtu anasoma Alhamdu, akaongeza mwaka aliotoka depo Moshi na vituo alivyokaa kwa mpangilio, Korogwe, Muheza, Singida, akarudi Muheza. Nimeandika vyote nyuma ya picha yake ya yunifomu niliyonayo hapa, kwa penseli kama walivyonizoesha Kew. Kasema nisiandike ile ya Singida sababu yake. Nimeandika Singida tu.

Wasomaji wenye picha za wazee wao polisi wa zamani, hasa wa Tanga kabla ya uhuru, kama kuna namba inaonekana begani au kwenye kola, naomba muiandikie gazeti hili pamoja na mwaka na kituo, Mhariri akiwa radhi. Baba anasema baadhi yao atawajua kwa namba.

Ni mimi msomaji wako, binti wa afande,
Reading, Uingereza